Nsajigwa na Siku ya "Dume Linakufa"

Baada ya miaka 27 kazini, Ndugu Nsajigwa Mwaipopo, fundi baridi wa Kituo cha Kupima Sumaku ya Miamba, Tukuyu, anastaafu tarehe 30 Juni 2003. Alianza kama mkata mawe. Vyeti vyake vyote alivisomea akiwa kazini, kama baadhi yetu.

Kazi yenyewe tuieleze, maana hata makao makuu hawakuwahi kuielewa. Kihisio chetu ni kidogo, punje ya ulezi ni jitu mbele yake. Kikizamishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, umeme hupita ndani yake bila kupungua hata chembe, nacho huchora sumaku iliyoganda kwenye jiwe la Mlima Rungwe tangu likiwa uji wa moto. Kikipata joto, picha basi. Nsajigwa ndiye mlinzi wa baridi hiyo.

Mwaka 1999 kamati ya ubinafsishaji ilikuja kuamua tufungwe au tubaki. Makao makuu walishatukatia mgao wa naitrojeni. Tulikuwa na lita nane, na picha moja hula sita. Picha inaanza kujichora, kamati imesimama, mara Ackson, bwana mifugo wa Suma, akafika na pikipiki hadi mlangoni: "Kaka Nsajigwa, dume linakufa!"

Mwenyekiti akatoka mbio kumtafuta ng'ombe. Hakujua kwamba huku kwetu "dume" ni mtungi wa kutunzia mbegu za kupandishia ng'ombe, nao huishi kwa naitrojeni ileile; wa Ackson ulikuwa umekauka. Mbegu zikipata joto, wafugaji wa Suma na Ikuti hawana ndama.

"Usimpe! Sote tutarudi kulima," mkuu wa kituo alinong'ona.

"Maziwa ya chai yako yanatoka wapi, bosi?" Nsajigwa akajibu, huku anamimina. Lita nne zikaenda.

Picha iliishia nusu. Tulijua tumekwisha. Mwenyekiti akarudi na tope hadi magotini, akauliza huyo anayechota ni nani.

"Mteja," akasema Nsajigwa.

Neno hilo kamati ilikuwa inalitafuta kila ofisi tangu Mbeya. Taarifa zetu za sumaku hazikusomwa miaka yote. Tulibakizwa kwa sababu ya ng'ombe.

Makao makuu yakapongezwa. Nsajigwa akapewa onyo la maandishi kwa kumimina bila kibali, na limo kwenye jalada lake hadi leo. Tumeomba mara tatu liondolewe; kimya. Wakubwa mnaosoma haya mkiwa meza kuu, hii ni mara ya nne.

Ndaga sana, asante, kaka. Tunakutakia siku tulivu nyumbani Ikuti, wewe na Mama Tusekile. Sisi kumi na mmoja unaotuacha tuna kazi kwa sababu ulimimina.