Jina la Mkwe

Lori lilitoka Tabora kwenda Igunga, na Ngollo, abiria aliyekaa juu ya magunia ya chumvi kati ya wenzake wawili waliozungumza, hakuwa na pa kuyaweka masikio yake.

“Pale hospitali bawabu alitaka nitaje jina la mgonjwa,” alisema Leonia, kibuyu cha uji mapajani. “Mkamwana atamtajaje baba mkwe?”

“Mwanangu, nami ni bawabu, kwingine,” alisema mzee Kasimiri. “Bila jina hatumfungulii mtu. Ungenong’ona tu.”

“Kunong’ona nako ni kutaja, baba. Nikaenda kumtafuta mume wangu ataje yeye. Tuliporudi, mzee ameshafariki. Mume kabaki na maiti, mimi napeleka habari. Uji ndio huu.”

Lori likasimama. Kasimiri akampokea kibuyu ili ashuke.

“Aliitwa nani, nimwombee?”

Leonia akainama, asimtaje.