Bibi Yuliana Sijaona, Mfinyanzi wa Kitangari, na Mwaka wa Hela

Bibi yetu Yuliana Sijaona alizaliwa Kitangari. Siku haikuandikwa, lakini wazee walikadiria mwaka 1884. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Shamte, na ufinyanzi aliurithi kwa mama yake.

Shule yake ilikuwa miaka miwili ya katekisimu Masasi. Huko alijifunza kusoma, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1900 kwa jina la Yuliana. Mwaka 1902 alifunga ndoa takatifu na marehemu babu yetu Ambrosi, na mwaka uliofuata Mungu akawajalia mtoto wa kwanza, Nikolao.

Kazi yake ilikuwa mitungi. Siku hizo mtungi haukuwa na bei nyingine ila ujazo wake. Aliyeutaka aliujaza mtama, akauacha mtama kwa mfinyanzi, akaondoka na mtungi. Hakuna aliyepunjwa.

Kisha serikali ya Wajerumani ikabadilisha fedha. Sarafu za zamani zilizoitwa pesa zikaanza kuondolewa na sarafu mpya zilizoitwa hela zikaletwa, na kodi ikadaiwa kwa sarafu hizo. Mpiga mbiu alifika Newala, akalisema jambo hilo mara moja, akaenda zake. Hakueleza fedha hiyo ingepatikana wapi wala kwa nini imebadilishwa. Lililoeleweka ni kwamba mwanamume asiyelipa angepelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya pwani, na waliokwisha kwenda wengi hawakurudi.

Ambrosi hakuwa na hata hela moja. Basi mapema mwaka 1905 Yuliana akaacha kupokea mtama. Wa kwanza kukutana na jambo hilo alikuwa jirani yake Pili, mama yake Zena, rafiki aliyeteremka naye bondeni kuteka maji kila alfajiri.

“Mama Nikolao, nikujazie huu mkubwa?”

“Mama Zena, unisamehe. Safari hii nataka hela.”

“Hela? Nikaziokote wapi, huko tunakookota kuni?”

“Watamchukua Baba Nikolao.”

“Na wangu je, hawatamchukua? Haya, kaa na mitungi yako. Maji utateka na hao Wajerumani.”

Wanawake waliokuwapo walicheka, lakini neno lile likawa kweli. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgongea mlango alfajiri. Uwanda wetu wa juu hauna kisima, na njia ya bondeni ilikuwa na chui. Yuliana aliteremka peke yake huku akiimba tenzi kwa sauti ili asisikie majani yakichakacha. Mitungi aliibeba hadi Masasi, akamuuzia mfanyabiashara Halfani kwa hela. Kodi ikalipwa, Ambrosi akabaki nyumbani. Mume wa Pili alichukuliwa.

Agosti mwaka ule vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na baada ya vita ikaja njaa. Mchele ulipatikana Lindi, tena kwa fedha taslimu tu. Yuliana alikuwa amebakiwa na hela kidogo. Ambrosi na ndugu zake wakaenda, wakarudi na mizigo kichwani.

Kesho yake asubuhi Pili alisimama uani, Zena mgongoni, mtungi mkononi.

“Nimekuja kukuuzia. Nipe chochote.”

Yuliana aliupokea mtungi, akaujaza mchele mpaka juu.

“Bei ya mtungi si ujazo wake?”

“Mama Nikolao, huu una ufa.”

“Mchele hauvuji.”

Kufika jioni ua ulijaa wanawake na mitungi, mingine haikufinyangwa na yeye kamwe, na kila mmoja alijaziwa. Ambrosi alitazama magunia matupu, akauliza, “Sasa tuna mitungi nyumba nzima. Tutakula udongo?”

“Mungu atatupa,” alijibu. “Lakini kesho nina watu wa kwenda nao bondeni.”

Alfajiri mlango uligongwa.

Pili alifariki mwaka 1911, akamwachia Zena. Bibi alimlea pamoja na wanawe, na kila siku alimpeleka chuoni kusoma Kurani, kwa sababu ndivyo mama yake angetaka. Ambrosi alitutangulia mwaka 1941.

Mwaka 1966 Benki Kuu yetu ilipotoa shilingi mpya za Tanzania, Bibi alipanda gari la korosho hadi Newala kubadilisha zake. Karani alimweleza kwa upole. Bibi akamsikiliza, kisha akamwomba aende pia Mnyambe na Kitangari, akae na watu mpaka wote waelewe. “Fedha mkiibadilisha bila kusema na watu,” alimwambia, “majirani hugombana.” Karani alikuja, akashinda kutwa nzima, na Bibi akampikia.

Mwanzoni mwa mwaka huu alipatwa na homa ya mapafu. Alipokea Sakramenti, akasamehe na kuomba kusamehewa. Jumanne tarehe 12 Machi 1968, saa kumi na moja alfajiri, alilala katika Bwana, mkono wake ukiwa katika mkono wa Zena.

Ameacha watoto watatu, Nikolao, Scholastika na Gervas, pamoja na Zena, binti yake, wajukuu na vitukuu wengi, na wanawake wa Kitangari, ambao tangu alfajiri hiyo hawajaruhusu mwanafamilia yeyote kuteremka kuteka maji.

Bwana ampe pumziko, na nuru yake imwangazie daima. Amina.