Simba wa Danieli Wafika Kikole

Pale Kikole, barabara ya vumbi inapokata kona kuelekea ghala la korosho, kuna benchi lenye mguu mmoja mfupi uliowekewa tofali. Watu hupaita Bila Ushahidi, kwa sababu hakuna neno lililowahi kusemwa pale likathibitishwa. Mwenye kahawa ni Mzee Abdala, anayemimina bila kutazama kikombe na hamwagi hata tone. Upande wa kulia hukaa Augustine, aitwaye Askofu, kwa kuwa utotoni alimbebea padri chetezo, na tangu hapo haonekani kanisani mpaka kuwe na harusi yenye pilau. Katikati ni Eusebio, aitwaye Daktari, aliyewahi kuchanja kuku wa vijiji viwili. Mwisho kabisa, mguu mmoja ukiwa juu ya pikipiki yake, ni Majid, kijana wa bodaboda, ambaye wenzake humwita Gugo, maana hujibu swali kabla halijaisha. Na pembeni, nyuma ya karai la maandazi, husimama Stefania, mama kijana, ambaye kwa muda wote aliokaanga pale hajawahi kutia neno. Husikiliza tu. Akitaka kucheka, hugeukia moshi.

Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya kugeukia moshi. Binti yake Betha, mwenye miaka sita, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kimya, magoti yakiwa mekundu kwa vumbi. Gugo alikuwa ametoka kumrudisha kwa pikipiki kutoka njia ya kisimani, ng'ambo ya nyumba ya mwisho, mahali palipoonekana nyayo tangu juzi. Watu wa wanyamapori walikuja, wakainama, wakasema ni simba, wakakataza watoto kupita kule peke yao, kisha wakapanda gari lao. Betha alikuwa amepita peke yake.

— Nimemkuta kachuchumaa kwenye nyasi, katulia kama anasubiri basi, Gugo alisema, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kusimulia. Namuuliza, we mtoto, unafanya nini huku? Ananiambia, namsubiri simba. Aisee, nusura nimwache nikimbie mimi.

— Anamsubiri wa nini? aliuliza Askofu.

— Muulize mama yake. Si ndiye mwalimu?

Macho yote yakamgeukia Stefania. Akageuza andazi ambalo bado halijaiva.

Ni kweli alikuwa mwalimu. Katekista alimchagua kwa sababu anasoma bila kukwama na mwandiko wake ni safi. Kila Jumamosi mchana, kwenye kigango chao, aliwafundisha watoto wadogo kumtumaini Mungu, kwa visa vya Biblia, kwa kuchora na kwa michezo. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Danieli katika shimo la simba. Watoto walipaka simba rangi, wengine wakawapaka bluu kwa kuwa kalamu ya njano ilikuwa moja na ilikuwa inagombewa. Baadaye wakacheza. Mmoja alilala mkekani akawa Danieli, wengine wakamzunguka wakinguruma. Ili wasipige kelele kupita kiasi, Stefania aliongeza sheria yake mwenyewe, ambayo haikuwemo kwenye kitabu cha mafundisho: atakayeshtuka ametoka, hajamtumaini Mungu.

Wa kwanza kutoka alikuwa Betha.

Mtoto hakulia. Alikwenda akakaa ukutani, na tangu siku hiyo alikuwa akijizoeza. Alikataa kushikwa mkono gizani. Alikwenda kumsogelea jogoo wa jirani, yule anayedonoa, akasimama mbele yake amefumba macho. Na leo alfajiri, mama yake akiwa bado amelala, akaona amefuzu, akaenda kwa simba mwenyewe.

Sasa Stefania alitaka neno moja tu la kumwambia. Akisema, "Simba atakula," je, kile alichofundisha Jumamosi kilikuwa nini? Asiposema kitu, kesho Betha ataamka kabla yake tena. Neno hilo hakuwa nalo. Na kama kuna mahali pa mwisho pa kulitafuta, basi ni Bila Ushahidi. Lakini benchi lilikwisha kulichukua shauri hilo, wala halikumwomba ruhusa.

— Mwalimu hana kosa, Askofu alisema, akikunja miguu kwa heshima. Kosa ni kwamba mtoto hakuambiwa kwa nini wale simba hawakula. Akijua sababu, anatulia. Na sababu ni hii: mtu mtakatifu ana harufu yake. Simba akivuta pumzi hivi, anakuta ubani mtupu. Anakinai.

— Kwa hiyo wewe simba hakugusi? Daktari aliuliza.

— Mimi nimeshika chetezo miaka, bwana.

— Ule ubani ulishakutoka, mzee mwenzangu. Siku hizi unanukia uraka wa mabibo. Simba akikupata, anakula na kulewa juu.

Mzee Abdala akamimina. Daktari akapuliza kikombe, akaendelea.

— Tuongee kitaalamu. Mnyama anafungiwa shimoni. Jua hapati, kutembea hatembei. Kuku ukimfungia hivyo hagusi hata pumba. Wale simba walikuwa wagonjwa.

— Ugonjwa gani?

— Tumbo.

— Acha zako, Daktari! Askofu alisema. Asubuhi yake wale waliomsingizia Danieli walitupwa humo humo, wakatafunwa kabla hawajagusa chini. Hilo tumbo lilipona saa ngapi?

Stefania alishangaa kwamba Askofu alilikumbuka hilo.

— Wewe unaijua njaa ya mtu aliyetoka kuumwa? Daktari alijibu, bila aibu yoyote.

Gugo alikuwa anajikuna kwa kukosa subira.

— Wazee wangu, mnazunguka tu. Wale simba walikuwa wa nani?

— Wa mfalme.

— Wa mfalme maana yake wa serikali. Haya, Danieli aliletwa saa ngapi?

— Jioni, alisema Askofu. Jua linazama.

— Ofisi zimefungwa! Gugo alipiga tangi la pikipiki. Simba wakamwambia, mzee, leo tumeshafunga, kaa hapo kwenye benchi, uje asubuhi. Asubuhi wakaletwa wale wengine, saa za kazi hizo, wakahudumiwa.

— Wakahudumiwa hapo hapo? Daktari aliuliza.

— Kabla hawajagusa chini. Si umesikia?

— Basi haikuwa serikali.

Kahawa ilimtoka Askofu puani. Hata Stefania alilazimika kuuma ukingo wa khanga. Lakini alipotupa jicho upande wa ndoo, Betha hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza darasani, kichwa kimeinama upande, asipitwe na neno.

— Mnacheka, alisema Mzee Abdala. Nabii Danieli hata sisi tunamtaja, amani iwe juu yake, msimfanyie mzaha. Ninyi shida yenu hamjui simba. Simba wa porini anakula anachokikuta. Lakini yupo simba wa kutengenezwa kwa dawa, wa kutumwa. Huyo hamgusi mtu ambaye hakutumwa kwake. Anakupitia, anakunusa, anaona siye wewe, anaenda zake. Wale wa shimoni walitumwa kwa watu wengine. Danieli hakuwa wao.

Gugo ndiye aliyeuliza, sauti imepungua:

— Na huyu wa kisimani?

— Huyu anazunguka tangu juzi, hajagusa hata mbuzi. Wewe unadhani anatafuta mbuzi? Anamtafuta mtu wake.

— Mimi sina ugomvi na mtu, Askofu alisema upesi mno.

— Na ule mpaka wa mikorosho uliosogea kwa shemeji yako? aliuliza Mzee Abdala.

— Haukusogea! Mikorosho yenyewe ndiyo iliyoinamia kwangu.

— Mweleze simba, si mimi.

Askofu alipandisha miguu yote miwili juu ya benchi. Daktari aliona hapo ndipo pa kucheka, ila Mzee Abdala alikuwa bado ameshika birika, na alimgeukia yeye.

— Na wewe, wale kuku wa kijiji cha Tingi waliokufa baada ya sindano yako?

— Walikufa kwa hiari yao! alisema Daktari, na miguu yake ikapanda pia.

Ili kulitoa benchi kwenye kutajana makosa, Askofu akamwinamia Betha kwa sauti ya mahubiri.

— Umesikia, mjukuu wangu? Tulia. Huyo simba hana shida na wewe kabisa.

Maneno "Msimwambie hivyo!" yalifika kwenye ulimi wa Stefania, yakakaa hapo hapo. Betha alikuwa ameshasimama na anapangusa magoti.

— Kwa hiyo nikirudi hanili?

— Hapana, usirudi! walipiga kelele wanaume wote wanne kwa pamoja.

— Anakula! Gugo alisema. Anaanzia kichwani!

— Anaweza kukosea mtu, alisema Mzee Abdala. Hata wa kutumwa hukosea.

— Na kama namtumaini Mungu? Betha aliuliza.

Wanaume wakaangalia ndani ya vikombe vyao, kana kwamba mtu ameandika jibu kule chini. Huko ndiko Stefania alikokuwa anaogopa wafike, na sasa walikuwa wamefika, mbele ya mtoto.

Hapo ndipo Kudra alipokuja na bakuli lake, jirani wa Stefania, mwanamke asiye na desturi ya kusubiri zamu ya kusema. Aliwakuta wamenyamaza, jambo ambalo hajawahi kuliona pale.

— Vipi, kuna msiba?

Wote wakamsimulia kwa mpigo: simba, mtoto, mchezo, ubani, tumbo, saa za kazi, kutumwa. Kudra alisikiliza, bakuli kiunoni.

— Sawa, nimewasikia. Sasa huyo Danieli, usiku ule mle ndani, yeye mwenyewe aliogopa?

Askofu alipangusa kahawa kidevuni.

— Kitabu kinasema simba walifungwa vinywa, alisema.

— Sijauliza simba. Nimeuliza yeye.

— Mfalme hakupata usingizi usiku kucha, Askofu aliongeza. Hilo lipo.

— Mfalme alikuwa kwake. Nauliza aliyekuwa shimoni.

Daktari alimtazama Gugo. Gugo alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

— Mtandao unasumbua.

Daktari alinyoosha kikombe chake. Mzee Abdala akainamisha birika, kikatoka kitone kimoja chenye machicha, kisha hakikutoka kitu.

— Imeisha, alisema, na mtu angedhani amefurahi.

— Mama Betha, nijazie bakuli la watoto, Kudra alisema. Jibu mtaniletea nyumbani.

Akaondoka na maandazi yake.

Stefania alibaki ameshika kijiti cha kugeuzia. Sura ile alikuwa ameisoma mara nyingi hadi karatasi ikalainika, na hakuwahi hata siku moja kumtafuta Danieli mle gizani. Kila mara alikuwa na haraka ya kufika asubuhi, mfalme anapokuja mbio na Danieli anajibu kuwa yu mzima. Kitabu kilikuwa kimenyamaza kuhusu usiku wa Danieli, naye akapajaza pale kwa sheria yake ya mkekani.

— Mama.

— Ee.

— Mimi kule kwenye nyasi niliogopa. Betha aliyasema hayo akivitazama vidole vyake vya miguu. Nilitaka kukuita. Nikaona nikikuita, nimetoka tena.

Stefania aliweka kijiti chini. Alipiga magoti mbele ya ndoo, na sauti ilipomtoka haikuwa kubwa, lakini benchi zima liliisikia.

— Hata mimi niliogopa. Nilipoamka nikakuta mkeka hauna mtu. Niliomba huku meno yanagongana.

— Mungu akasikia hivyo hivyo, unatetemeka?

— Akasikia. Akamtuma Gugo.

— Gugo? Askofu alisema. Kwani malaika wote walikwenda wapi?

— Nyamaza, Askofu, alisema Stefania.

Askofu akanyamaza. Gugo alijiweka sawa juu ya pikipiki, akajipangusa mabega.

— Jumamosi ijayo ile sheria naifuta, Stefania alimwambia binti yake. Kushtuka ruksa. Na wewe ukiogopa, niite.

— Au nimwite Mungu?

— Tuite wote. Atakayefika kwanza afike.

Betha akatazama nyuma ya ghala, ambako choo kilikuwa kimesimama peke yake, na kati ya choo na barabara kulikuwa na nyasi ndefu zinazotikisika kwa upepo. Jana alikwenda huko peke yake, amefumba macho.

— Basi nisindikize chooni.

Stefania alichomoa kuni kubwa motoni, akaifukia kwenye mchanga, akafuta mikono kwenye khanga. Walikuwa bado hawajafika kwenye nyasi benchi lilipolia nyuma yao.

— Ngoja kwanza, mama Betha, alisema Askofu, akishuka na kutafuta kandambili zake kwa miguu. Hata mimi nilikuwa nakwenda huko huko.

— Na mimi, alisema Daktari. Hii kahawa ya Mzee Abdala ina mambo yake.

— Mimi nawasindikiza tu, kwa usalama wa mtoto, alisema Gugo, akaiacha pikipiki na funguo ndani yake.

Mzee Abdala alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona Bila Ushahidi pamebaki yeye na birika tupu. Akalichukua birika, akawafuata.

Betha aligeuka. Aliwatazama watu wazima wanne waliojipanga nyuma yake, kila mmoja akipepesa macho upande wa nyasi na kujifanya hakuzitazama.

— Shikaneni mikono, aliwaambia.