Milailaki ya Mzee Tobia na Maji ya Mfereji

Yamesemwa magengeni Lukozi, na sasa yamefika hadi msibani, kwamba Mzee Tobia Shemahonge aliyanywesha maua yake maji ya watu. Familia inalimaliza jambo hili kabla jeneza halijashushwa, ili marehemu asizikwe na mzigo usio wake. Maua yalikuwepo. Maji yalikuwepo. Wizi haukuwepo. Mengine yatafuata kwa mpangilio, kama mwenyewe alivyopenda mambo yaende.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Malindi, wilaya ya Lushoto, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elia Shemahonge na marehemu Mama Salome. Mama yake alisimulia kuwa alichelewa kutembea, lakini alipoanza hakurudi kutambaa hata siku moja. Wote waliomjua watakubali kuwa hakubadilika.

Alisoma shule ya msingi Malindi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akashuka Tanga mjini kujifunza ufundi mitambo, akahitimu mwaka 1973. Joto lilimshinda. Aliporudi likizo ya kwanza alimwambia mama yake kuwa Tanga hata maji ya kunywa yanatoka jasho.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai Mponde, akatumikia huko hadi mwaka 1996. Baada ya hapo alihamia Lukozi, mkewe alikokuwa akifundisha, akawa mkulima wa karoti na kabichi. Mwaka 2009 wakulima wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na hawakumbadilisha hadi anafariki. Wageni waliokuja kumzika wafahamu kwamba kwenye mfereji wetu kila kaya ina siku yake. Zamu huanza jua linapogusa bati la kanisa, na huisha kesho yake jua linapoligusa tena. Zamu yake ilikuwa Jumatano. Alhamisi moja jua lilimkuta amebakiza tuta moja la karoti halijapata maji. Akaziba mlango wa shamba lake kwa magome ya mgomba na udongo, akaenda kunywa chai. Tuta lile lilikauka.

Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Esteria katika kanisa la Kilutheri Malindi. Posa yake iliambatana na kilo mbili za majani ya chai kutoka Mponde, na baba wa binti alisema chai ile ilijieleza vizuri kuliko mshenga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Yusta, Alen na Secilia.

Sasa maua. Sebuleni kwa Mzee Tobia ilining'inia kalenda ya usharika rafiki wa Ujerumani, yenye picha ya kichaka cha maua ya zambarau. Mwaka wake ulikwisha, lakini Mwalimu Esteria hakukubali iondolewe. Agosti 2021 Yusta, anayefanya kazi ya bustani Arusha, akamletea mama yake miche mitatu ya maua yale yale. Huitwa milailaki.

“Baba, haya yanapenda baridi,” Yusta alisema.

“Basi yamefika kwao,” akajibu baba yake, akachukua jembe.

Aliyapanda kwa upendo wote aliokuwa nao, nao upendo huo ulikuwa wa kabichi. Alichimba mashimo yenye kina huko chini bondeni, ili maji yatuame. Akajaza samadi, akafukia mashina karibu hadi kwenye matawi. Majani yalipoanza kunyong’onyea, akamwagilia asubuhi na jioni. Yalipogeuka manjano, akaongeza ndoo.

“Baba Yusta, hiyo si kabichi,” mkewe alimwambia.

“Mama Yusta, chenye majani kinakunywa.”

Mwaka ule vuli haikunyesha na mfereji ukapungua. Mzee Tobia aliosha karoti zake nyumbani kwa maji aliyoyakinga kwenye pipa siku ya zamu yake, na maji hayo machafu ndiyo aliyoyabeba kwa ndoo hadi kwenye miche. Mkewe aliyaona kwa macho yake, yakiwa mekundu kwa udongo wa karoti. Hayo ndiyo maji ya watu yanayosemwa.

Lakini tope lilionekana njiani. Katika kikao cha mfereji, Novemba 2021, jirani mmoja alisimama mbele ya wote.

“Shikamoo, Mwenyekiti. Kwenye kabichi zetu kuna vumbi. Chini ya maua yako kuna tope. Tufafanulie.”

“Marahaba. Tope lile ni la maji niliyooshea karoti. Na kama maua yale yangekuwa yanafaidi ningekubali unione mwizi. Njoo uyatazame, yamelala chali.”

“Hayajalala, Mwenyekiti. Yamelewa!”

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na kuanzia siku hiyo neno la wizi likatembea. Mtu aliyeziba maji na kuliacha tuta lake lenyewe likauke, sasa alipita sokoni watu wakinyamaza. Liliingia hata nyumbani kwake, kwa sababu Secilia aliulizwa kisimani kama baba yake anauza maua au maji.

Siku ile ya kikao Mzee Tobia alirudi nyumbani akirudia neno moja: “Yamelewa.” Akaingiza mkono kwenye shimo la mche wa kwanza, akanusa udongo. Ulinuka kama maji yaliyolala kwenye chungu. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inachambuka vidoleni. Jirani alikuwa amekosea kuhusu wizi, lakini kuhusu ulevi alikuwa sahihi.

Mche mmoja ulikuwa umeshakufa. Miwili iliyobaki aliing’oa, akakata mizizi iliyooza, akapunguza matawi, akaihamishia kwenye mteremko nyuma ya jiko. Safari hii alichanganya changarawe na majivu, akaacha shina lipumue juu ya udongo, akafunika pembeni kwa majani makavu. Aliimwagilia polepole hadi udongo ukashiba, kisha akaacha. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa hiyo ya kuacha. Kila alipoikaribia na ndoo, sauti ya mkewe ilitoka jikoni: “Kidole kwanza!” Akachomeka kidole udongoni, akaukuta una unyevu, akarudi na ndoo yake kama mtoto aliyenyimwa sukari. Masika yalipofika, miche ilichipua.

Oktoba 2024, baada ya kipupwe kikali, milailaki ilitoa maua kwa mara ya kwanza. Nyumba nzima ilinukia. Mzee Tobia alikata shada la kwanza, mkewe akanyoosha mikono kulipokea.

“Subiri, Mama Yusta. La kwako ni la pili.”

Alivaa koti la kanisani, akalipeleka lile la kwanza kwa yule jirani. Aliporudi alisema wamekunywa chai, na akamwomba mkewe asilitaje jina la mtu yule kwa ubaya, wala kwa uzuri. Mkewe aliahidi.

Kuhusu ugonjwa, si kweli kwamba aliuawa na baridi ya kumwagilia maua. Alikuwa na tatizo la moyo tangu mwaka 2019, akatibiwa kwa uangalifu, na madaktari na wauguzi familia inawashukuru. Alifariki nyumbani kwake Lukozi, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, dirisha la upande wa jiko likiwa wazi kwa maagizo yake.

Ameacha mjane, Mwalimu Esteria, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake Anord, na milailaki miwili yenye afya. Bwana ampe pumziko la amani, katika udongo usiotuamisha maji.

Yule jirani yupo hapa leo, na tangu jana ameshika chepeo kaburini. Jina lake halitatajwa. Mjane asiulizwe makaburini, wala kwenye chai.