Kuku wa Mama Mkwe Wanachechemea

Benchi la pale kona lina miguu minne, mmoja mfupi, na chini ya ule mfupi kimetiwa kipande cha kigae ili lisiyumbe sana. Alilitengeneza Fundi Pima, seremala, mtu wa rula mfukoni na penseli sikioni hata siku ya msiba, na kwa sababu anakuja kulikalia kila siku hakuna aliyewahi kumwambia kuwa linayumba. Kila mtu anajua pa kubana mwili wake na kunyamaza. Asubuhi ile walikuwapo wale wale. Mama Birika, muuza kahawa, kwenye kigoda chake, jiko la mkaa likiwa miguuni. Kamanda, aliyelinda mageti ya watu miaka thelathini, na baada ya kustaafu akahamia kuilinda kona. Na Dokta Redio, fundi wa redio, aliyepewa udokta kwa kuwa redio ikifika kwake huiwekea sikio kwanza, kama anasikiliza kifua cha mtoto, ndipo aifungue. Fundi Pima alikuja wa mwisho, akakaa upande wa kigae, akapokea kikombe chake na kukishika tu bila kunywa.

— Leo wangapi? akauliza Kamanda.

— Sita. Jana walikuwa watano.

— Sita wamekufa?

— Mdomo wako huo. Sita wanachechemea. Na wawili waliobaki wanatembea kwa kujikaza tu, nawaona, wananionea haya.

Kuku wenyewe hawakuwa wake. Walikuwa wa mama mkwe wake, mitetea saba na jogoo mmoja, kuku wa mbegu ile kubwa, mtetea mmoja kilo nne, jogoo kilo tano na ushee, manyoya yameteremka mpaka vidoleni kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Bibi yule alikuwa amekwenda kutolewa mtoto wa jicho, akamwachia mkwewe kuku kwa miezi miwili. Kwake bibi alikuwa akiishi peke yake. Mwaka uliopita alianguka bafuni asubuhi, magoti yakagoma, akalala pale chini mpaka saa sita jirani alipokuja kuomba kiberiti. Tangu siku hiyo binti yake hakuwa na usingizi: mama aje kwetu, mama aje kwetu. Na bibi, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajawahi kumwita mkwewe jina lingine isipokuwa "yule wa mbao," akasema neno moja tu. "Nitakuja. Lakini kwanza nione kuku wangu wameishije kwake."

Basi Fundi Pima alijenga mara mbili. Alijenga banda la kuku la ghorofa, halafu, juu ya karakana yake, akajenga chumba cha mama mkwe.

— Na leo ndiyo anafika, alisema Mama Birika, kama mtu asemaye kuwa mvua inakuja.

— Kwa basi la asubuhi, alisema Fundi Pima. Nimeacha mke wangu anafagia kile chumba mara ya pili. Kaniuliza, mama akiwaona hivi akakataa kukaa, nani atamwokota siku akianguka tena? Nimekuja huku.

— Umefanya vizuri kuja, alisema Dokta Redio. Mambo kama haya yanataka vichwa vingi. Tuanze na banda. Banda lina kosa?

— Banda? Fundi Pima aliudhika kidogo. Banda halina kosa. Mbao ngumu tupu, bati jipya, maranda nabadilisha kila Jumamosi. Fito za kulalia nimezipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja unadhani shavu la mtoto.

— Na kimo?

— Kimo changu na shibiri juu.

— Hilo nilikushauri mimi, alisema Kamanda. Mwizi anyooshe mkono asifike.

— Na mimi ndiye niliyesema hewa, alisema Dokta Redio. Kuku mzito anataka hewa ya juu. Mwili mkubwa vile, pua mbili ndogo.

— Mimi sikusema kitu, alisema Mama Birika. Niandikeni hivyo.

— Na huko juu wanapanda bila shida? akauliza Dokta Redio.

Fundi Pima alikohoa. — Nawapandisha. Wavivu wale, ngazi wanaiangalia tu kama tangazo. Kila jioni mimi na mke wangu tunawabeba mmoja mmoja, kama magunia. Jogoo namweka begani. Mgongo huu mnaouona si wangu tena.

— Hayo ndiyo mapenzi, alisema Kamanda.

— Ila asubuhi sihangaiki kabisa. Nimefunga kamba kutoka mlango wa banda mpaka mlango wangu wa mbele. Ubunifu wangu mwenyewe. Natoka, navuta kamba, mlango unafunguka, wala sigeuki, nakuja zangu huku. Nyuma nasikia tu: puu. Puu. Puu. Mpaka nane. Nikishasikia nane najua wote wameamka wazima.

— Nane kamili?

— Sijawahi kusikia saba.

— Basi hapo hesabu imetimia, alisema Kamanda, aliyependa sana hesabu zinazotimia.

Mama Birika alimtazama Fundi Pima, akakunja uso, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo. Lakini kahawa ikafurika, ikachuruzika kwenye mkaa, naye akaigeukia birika yake na kuitukana.

— Mimi nimelichunguza suala hili, alisema Dokta Redio, na jibu ninalo. Ni waya wa ardhini.

— Waya gani tena?

— Sikiliza. Redio isiyo na waya wa ardhini inakwaruza. Kuku wa kawaida mguu wake mtupu, umeme wa mwilini unashuka, unaingia ardhini, umekwisha. Hawa wamevaa manyoya mpaka vidoleni. Umeme unashuka, unafika kwenye unyayo, unakuta nguo. Unakwama. Unarundikana. Ndiyo uvimbe ule.

— Kuku ana umeme?

— Hujawahi kuvua sweta likatatarika? Sasa fikiria mtu ambaye havui.

Ilibidi wafikirie. Hata Fundi Pima alifikiria.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Kila kuku umfunge kiwaya mguuni, kiburute chini.

— Mkimaliza mniletee mmoja, alisema Mama Birika, nisikilizie taarifa ya habari.

— Hakuna umeme pale, alisema Kamanda, akavuta benchi zima mbele kwa kusogea kwake. Pale kuna mtu. Dalili zote ninazo. Unyayo umevimba, juu hakuna jeraha. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Anaingia, anawachapa nyayo kwa mpira, anatoka. Asubuhi mwenye kuku anahangaika na dawa.

— Nani huyo?

— Nani ana bata hapo kwenu?

— Jirani yangu. Lakini yule ni mjane, ana miaka themanini.

— Ndiyo maana hakuna anayemshuku.

— Kamanda, alisema Mama Birika, si wewe uliyesema banda liko juu, mtu akinyoosha mkono hafiki?

— Nilisema mwizi. Sikusema mjane. Kamanda alinyanyua kidole. Wahenga walisema —

— Wahenga waache wapumzike. Wangewaona mlivyojipanga hapo wangerudisha maneno yao.

Fundi Pima hakucheka. Alitia mkono mfukoni akatoa karatasi, akaikunjua juu ya goti. Ilikuwa na unyayo wa jogoo, umechorwa kwa penseli ukiwa umekanyagishwa pale pale, na vipimo pembeni, urefu, upana, nafasi ya kila kidole.

— Mimi nimewaza viatu, alisema kwa sauti ndogo.

Kamanda akainama kuuangalia mchoro.

— Vya mbao?

— Mbao laini. Juu napitisha mpira wa ndani wa tairi.

— Miguu kumi na sita, alihesabu Dokta Redio. Kulia na kushoto utatofautisha?

— Lazima.

— Na kuku akivaa kiatu anachakuraje? akauliza Kamanda.

— Anavua kwanza, alisema Mama Birika. Kwenu mnaingia na viatu ndani?

— Mama Birika, usinitanie, alisema Fundi Pima. Leo usinitanie. Yule mama akishuka kwenye basi ana macho mapya. Zamani ningeweza kumwambia kuku wanacheza. Sasa ataona.

Wote wakaangalia vikombe vyao. Kisha Dokta Redio akajipiga paja.

— Ngoja. Hebu nijibu. Wakiwa kule juu wamelala, wanachechemea?

— Juu? Hapana. Juu wametulia kabisa.

— Wanaumwa wapi?

— Wanaumwa wakiwa chini.

— Umesikia mwenyewe ulichosema?

Kamanda alisikia wa kwanza. — Ugonjwa uko chini.

— Ugonjwa uko chini, alisema Dokta Redio. Juu ni wazima, chini ni wagonjwa. Unataka ushahidi gani tena? Waondoe chini. Ongeza ghorofa.

— Ghorofa ya tatu, alisema Kamanda. Na huko hata mjane hafiki.

Fundi Pima aliwatazama mmoja mmoja. Akaigeuza ile karatasi ya unyayo upande wa nyuma, akachomoa penseli sikioni, akaanza kupiga mistari: nguzo, mbao, ngazi, fito. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akanywa kahawa yake, yote, kwa mkupuo mmoja.

— Kimo? aliuliza Dokta Redio.

— Vimo viwili vyangu. Nitatumia kapi na kamba kuwapandisha.

— Kapi ni wazo zuri.

Walikuwa wameinamia karatasi, vichwa vitatu kama wanaosoma barua ya mtu, ndiyo maana hawakumwona anayekuja. Mama Birika ndiye aliyemwona. Alikuwa bibi wa mwili, anatembea polepole kwa kuegemea bakora, akiweka mguu mmoja, anapumzika, ndipo anauita mwingine. Kwapani alikuwa amembana mtetea mkubwa mwenye suruali, aliyetulia kama mkoba.

— Karibu mama, alisema Mama Birika.

Fundi Pima aligeuka. Alisimama ghafla, benchi likaruka kutoka kwenye kigae, Kamanda akajimwagia kahawa magotini, na karatasi ikaenda chini.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mkwe wangu.

Mkwe wangu. Miaka kumi na miwili. Fundi Pima alishindwa pa kuweka mikono yake. Kamanda na Dokta Redio nao wakaamkia, wakasogea, bibi akajishusha kwenye benchi kwa awamu tatu, akamweka kuku mapajani. Benchi likayumba naye. Akalishika ukingo.

— Nipe kahawa, mwanangu.

— Imekwisha mama, alisema Mama Birika. Wameimaliza hawa. Yamebaki makapi.

— Haidhuru. Aligeukia mkwewe. Nimetoka nyumbani kwako. Binti yangu nimemwacha anapanga mizigo. Banda nimeliona.

— Ndiyo mama.

— Nimeliona vizuri, macho yangu siku hizi hayakosi kitu. Nimezaliwa na kuzeeka na kuku, sijaona banda limechongwa namna ile. Ni kitanda cha bwana harusi.

— Asante mama.

— Wanapandaje kule juu?

— Nawabeba, mama. Mimi na binti yako. Kila jioni, mmoja mmoja.

— Hawa? Kilo nne hizi?

— Jogoo namweka begani.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, na yale macho mapya yakalowa kidogo. — Mgongo haukuumi?

— Unauma, mama. Lakini ni kuku wako.

— Mungu akuzidishie. Sikujua. Nilikuwa nakuona wa mbao tu. Alimpapasa mtetea unyayo uliovimba, taratibu, kwa kidole gumba. Na asubuhi wanashukaje?

Fundi Pima alifungua mdomo.

Ilimjia puu ya kwanza. Kisha ya pili. Kisha zikamjia zote nane, za asubuhi ya leo, na za jana, na za miezi miwili, kuku wa kilo nne mmoja baada ya mwingine kutoka kimo chake na shibiri juu, na yeye amewapa mgongo, anakuja zake kunywa kahawa. Akaufunga mdomo.

Alimtazama Dokta Redio.

— Kwa kawaida, alianza Dokta Redio, kuku, kwa maumbile yake... Akaona kuna vumbi kwenye kikombe, akalishughulikia.

— Saa hizo mimi huwa hapa, alisema Kamanda.

— Na wewe? bibi alimuuliza Dokta Redio.

— Na mimi huwa hapa, mama.

— Wote mlikuwa hapa, alisema bibi, akatikisa kichwa kwa upole, kama anayekubaliana nao.

Mama Birika alijifunika uso kwa upande wa khanga yake. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Bibi akaweka bakora katikati ya magoti yake, magoti yale mawili makubwa, akayasugua yote mawili pamoja.

— Binti yangu kaniambia na chumba changu ni cha juu.

— Ndiyo mama, alisema Fundi Pima, na sauti yake ilitokea mbali. Kina hewa.

— Ngazi ngapi?

— Kumi na nne.

— Za kupanda sina wasiwasi nazo. Mtanibeba, wewe na mkeo, nimeona mnaweza. Alimgeukia, bila hasira hata chembe. Na asubuhi, baba, navutiwa kamba?

Kamanda alikazana kupangusa magoti ambayo yalikuwa yamekwisha kauka. Mama Birika alimwagia maji mkaa, ukapiga kelele, ukanyamaza.

Fundi Pima aliokota karatasi yake chini. Aliitazama ile ghorofa ya tatu, na nguzo zake, na kapi lake. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena mara mbili, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaisukumiza chini ya mguu mfupi wa benchi mpaka likaacha kuyumba.