Nyumba ya Mawe ya Juu ya Tengeru

Wasikilizaji wapendwa, leo hatumkumbuki mtu. Tunakumbuka nyumba ya mawe, kule juu ya Tengeru, iliyobomolewa mwezi uliopita. Mniwie radhi, leo sitaongea kwa upole.

Ilikuwa nyumba ya shamba la kahawa. Wengine husema ni ya mlowezi wa kawaida tu. Bibi Tekla, aliyezaliwa jirani na uzio wake, alisimuliwa vingine. Mwenye nyumba alikuwa kama mtawala. Ukikaa kwenye ardhi ile, unamlimia siku anazotaka yeye. Kesi anaamua yeye, barazani, huku anakunywa chai. Mkaidi alifungiwa chumba cha chini, gizani. Babu yake Tekla, Mzee Anaeli, alifungiwa humo. Alitoka anachechemea, akachechemea mpaka kufa.

Kwa hiyo Bibi Tekla hakuipenda nyumba ile. Narudia, hakuipenda. Aliichukia, na ndiyo maana aliilinda. Aliwatafuta wataalamu wa mambo ya kale waje kuikagua, waseme kweli ilikuwa nini. "Shahidi hauawi kabla ya kesi," aliwaambia majirani.

Mwenye hati ya nyumba alikuwa Elihuruma, mtoto wa kaka yake. Alijua wataalamu wako njiani. Akawatangulia na tingatinga.

"Shangazi, hizi ni takataka za wakoloni," alisema. "Tunajenga loji."

Chumba cha chini kilifumuliwa chote. Pale panachimbwa bwawa la kuogelea. Bwawa, wasikilizaji!

Jumapili iliyopita Elihuruma alikuja na jani la isale. Mila mnaijua: ukiletewa isale kuombwa msamaha, hukatai. Na yeye anaijua vizuri sana. Ndiyo maana alibomoa kwanza, akaomba radhi baadaye.

Bibi Tekla alilipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu. Sasa wajukuu wakiniuliza babu alifungiwa wapi, niwapeleke wapi?"



Bibi Tekla, shikamoo, na pole sana. Pole kwa ukoo wote wa Mzee Anaeli, maana huu ni msiba. Nanyi mnaonisikiliza, Kijenge mpaka Lemara, waulizeni wazee wenu leo ni ukuta gani uliwaumiza, kisha muulinde. Loji ya Elihuruma inafunguliwa Pasaka. Watoto wa ukoo wataogelea pale pale babu yao alipolia, na hakuna ukuta utakaowaambia.