Siku Niliyoshindwa Kuinuka kwenye Machela

Assalaamu alaykum, wapendwa. Na ninyi mliotoka bara na pwani, hamjambo? Nimeombwa nisimame niseme kidogo juu ya kazi hii yetu ya kuigiza, na hali ya yule anayeifanya. Mara ya kwanza nilikataa. Nikaja kukubali nilipomwona mwenzetu mmoja, simtaji, jinsi anavyokaa siku hizi tukishamaliza onyesho: peke yake, macho ukutani, anaitwa haitiki. Nikajiambia, huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nitasema. Majina nitayaacha. Wengine wako hai na heshima zao, wengine tuwaombee.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Kisomali wa Ijara. Nyumbani walitaka nishike ng'ombe au chaki, lakini shuleni nilionja mchezo wa kuigiza, basi, nikaharibika. Nilipomaliza shule nikaja Garissa mjini, nikaoa, nikapanga chumba mtaa wa Waberi. Ndipo vita vya kule Somalia vikaleta watu kwa maelfu kupitia Liboi, kambi za Dadaab zikajaa, na mashirika yakatafuta waigizaji wa kufundisha mambo ya afya, maana mabango watu wengi hawakuyasoma. Tukaunda kikundi. Alikuwepo mpiga ngoma, rafiki yangu tangu shule, Mpokomo wa huku huku Mto Tana. Alikuwepo dada mmoja aliyeigiza muuguzi. Na msimamizi wetu alikuwa mtu wa Nairobi, mchapakazi, wala hakuwa mbaya. Nasema hivyo mapema msije mkamchukia.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua kubwa zilizokata barabara. Kipindupindu kikaingia kambini. Tukatunga mchezo mfupi: mtu anakunywa maji machafu, anaugua, anakataa kupelekwa zahanati, anakufa. Anafunikwa shuka nyeupe, anawekwa kwenye machela, anabebwa kuvuka uwanja mpaka chini ya mgunga mmoja. Hapo muuguzi anaeleza habari ya kuchemsha maji. Mwisho ngoma inalia, wote tunainama kuaga, na maiti anainuka. Watu wanacheka.

Maiti nilikuwa mimi.

Mke wangu aliniuliza, "Hiyo shuka ni sanda?"

"Ni shuka tu."

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Basi ni sanda. Hicho kitu hakichezewi, wallahi."

Nikamcheka. Ndugu zangu, nilimcheka.

Onyesho la kwanza lilikuwa mchana, jua kali, mchanga unawaka. Nikafa vizuri tu. Wakanifunika, wakaniinua. Tulipokuwa katikati ya uwanja, mkono ukanishika mguu juu ya shuka. Haukuwa wa mwenzetu; sisi tulikuwa tumekubaliana nani anagusa wapi. Ulikuwa mkono mwepesi, mkavu. Na sauti ya mama mzee ikaita jina la mwanaume, polepole, kama mtu anavyomwamsha mtoto aliyelala mchana. Jina hilo sitalitamka hapa. Si langu.

Nilipoinuka, watu wakacheka kama tulivyotaka. Yule mama hakucheka. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya mgunga, guntino yake, lile vazi la kufunga begani, imepauka kwa vumbi, ananitazama kama mtu anayetazama lori likiondoka.

Wiki iliyofuata tulimkuta ametutangulia. Chini ya mgunga, pale pale ambapo machela hutuliwa, mchanga ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Maji, ndugu zangu, kambini, ambako watu hupanga madumu foleni tangu alfajiri. Akanigusa tena. Akaita tena lile jina.

Baada ya hapo wanaume wa pale kambini wakaanza kusimama. Mnajua desturi yetu: jeneza likipita, unatoa bega, hata kama humjui aliyelala. Mmoja akapokea mshiko wa machela, mwingine akapokea, wenzangu wakaachia. Nikawa napita juu ya mabega nisiyoyajua, na chini ya shuka nasikia kisomo, cha kweli, si kile tulichofanyia mazoezi. Msimamizi alifurahi mno.

"Umeona? Hiyo ndiyo sanaa, bwana! Wanalia! Wiki ijayo lala zaidi kidogo kabla ya kuinuka."

Nikalala zaidi kidogo.

Hapo ndipo mambo yalianza kunigeukia. Siku moja tulikwenda kwenye kibanda cha chai pale sokoni kambini. Mwenye kibanda akawapa wenzangu vikombe mkononi. Changu akakiweka chini, mbele ya miguu yangu, akarudi nyuma. Nilimsalimia mzee mmoja, akajibu akiwa ameangalia pembeni, na jibu lake lilikuwa lile linalosemwa ukipita makaburini. Wenzangu hawakusikia. Mimi nilisikia.

Halafu miguu yangu ikaanza kuwa baridi. Garissa, mwezi wa pili! Watu wanalala nje kwa joto, mimi nimevaa soksi. Mke wangu akaniambia kwamba nikijilaza baada ya adhuhuri nalala chali, nimenyooka, mikono ubavuni, na shuka naivuta mwenyewe mpaka juu ya uso. Akiifunua, naivuta tena usingizini. Binti yetu alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Siku moja alikuja mlangoni, akanitazama nilivyolala, akamwambia mama yake, "Huyu si Aabo, si baba." Akakataa kuingia mpaka nilipotoka.

Nakumbuka Ijumaa moja natoka msikitini, njia imejaa watu. Mtu akaita lile jina nyuma yangu. Nikageuka nikasema, "Haa?" Aliyeitwa alikuwa mwingine kabisa, mwenye jina kama hilo. Lakini niliitika, ndugu zangu. Niliitika kabla ya kufikiri. Na siku ile ile mpiga ngoma alikuwa ameniita kwa jina langu mara kadhaa, nisisikie.

Mtauliza, kwa nini hukusema? Ningesema nini, na kwa nani? Kwamba kulala kunanichosha? Wenzangu walikuwa wanaruka, wanaimba, wanabeba. Mimi kazi yangu ilikuwa kulala. Nikaendelea kulala.

Sasa niwape ile siku yenyewe.

Mchana, jua la utosi. Nikaugua, nikafa, wakanifunika. Wanaume wa kambini wakainuka wakachukua machela. Nikasikia mkono, nikasikia jina. Kisha nikawa nangoja tufike mgungani. Unajua ukibebwa unazijua hatua za watu. Unajua wapi wanapunguza mwendo. Hawakupunguza. Kivuli cha mgunga kilipita juu ya shuka, nikakiona kikija na kikienda. Sauti ya ngoma ikawa nyuma yetu, mbali, kisha ikakatika.

Nikasema moyoni, sasa inuka. Mkono wangu haukunitii. Nikasema, toa sauti. Mdomo ulikuwa kama wa mtu mwingine. Sikuwa na hofu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa nimetulia. Nilijiona nimefika mahali ambapo hakuna anayenidai kitu.

Wakatua machela. Harufu ya udongo uliochimbuliwa, udongo wa chini, wenye unyevu. Mwaka ule wachimbaji walikuwa wanachimba makaburi mapema, yakae tayari, kwa jinsi watu walivyokuwa wanakufa. Nilikuwa nimewekwa kando ya mojawapo. Wabebaji wakasimama kando. Walikuwa wanangoja, nadhani hata wao hawakujua wanangoja nini.

Ndipo nikasikia mtu anakimbia, anahema, anapiga kelele. Mpiga ngoma. Alikuwa analiita jina langu. Halafu la baba yangu. Halafu la babu yangu, na la baba wa babu yangu. Yeye Mpokomo, alikuwa ameushika ukoo wangu tangu tulipokuwa shule tukitaniana. Alinivua shuka akanizaba kofi.

"Itika! Nakuambia itika!"

Nikaitika. Sauti ilitoka kama imepita kwenye kitambaa. Nikaketi. Wale wanaume walinitazama, wala hawakukimbia, wala hawakushangaa. Mmoja wao alianza kulia tu, polepole, akaondoka. Na kwenye ua wa miiba nikamwona yule mama amesimama, mikono imeshika kichwa.

Nilirudi Garissa nikiwa nimelala garini. Nilikaa nyumbani. Muuguzi mmoja pale hospitali, wa kweli, si wa mchezo, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe hujarogwa wala huna wazimu. Umebeba msiba wa watu wengi bila kuutua. Pumzika, kula, ongea." Sheikh wetu naye hakunikemea. Alikuja kunisomea, na kila akimaliza ananiuliza habari za mbuzi wa Ijara, mpaka nikaanza kujibu.

Msimamizi akaja naye. Akakaa mkekani, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, wageni wa shirika wanakuja kuona mchezo. Wamesikia habari za ile sehemu ya machela. Mara moja tu, kisha upumzike."

"Sitalala tena kwenye machela."

"Basi itabidi nitafute mtu mwingine."

Mpiga ngoma alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Tafuta na mpiga ngoma." Yule dada aliyeigiza muuguzi, alikuja baadaye kuniona, naye akasema hivyo hivyo: "Na muuguzi pia atafute." Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo miguu yangu ilipopata joto. Sitanii.

Lakini palikuwa na deni la moyo. Nilipopata nguvu nilirudi kambini kumtafuta yule mama. Nilimkuta mbele ya kibanda chake cha matawi na turubai. Nikaketi mbali kidogo. Nikasema, "Hooyo, mama, mimi si mwanao."

Akanitazama. "Najua. Mwanangu alikuwa mrefu kuliko wewe."

Akanyoosha kidole upande wa Liboi.

"Alipigwa risasi njiani, kabla ya kufika Liboi," akasema. "Tulikuwa tunakimbia. Hakuna aliyembeba. Mimi mwenyewe sikumbeba, nilikuwa na wajukuu wawili mgongoni na mkononi. Nilipokuona unabebwa, nikasema, na wangu abebwe. Na wale wanaume, kila mmoja ana wake aliyemwacha njiani. Tulikuwa tunawazika. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo kazi yako."

"Sikujua, Hooyo."

"Basi nisamehe. Uliniazima mwili wako, nami nikakaa nao muda mrefu." Akasogea, akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa ule ule mkono, mkavu, mwepesi. "Sasa niambie. Wewe unaitwa nani?"

Nikamwambia jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, mpaka nilipofika mwisho wa ninachokijua. Alirudia kila jina nyuma yangu. Kisha akamwombea mwanawe, kwa jina lake, nami nikaitikia amin. Tangu siku ile jina lile likiitwa barabarani, sigeuki.

Kikundi tulikaa pamoja na msimamizi, tukaubadilisha mchezo. Mgonjwa anakubali kwenda zahanati, anapona. Wale wageni hawakupendezwa sana, walitaka machozi, na safari zetu zikapungua. Nisiwafiche, tulibana matumizi. Lakini tuliweka utaratibu wetu: tukimaliza, kila mtu anavua nguo za mchezo pale pale, ananawa uso, anataja jina lake mbele ya wenzake, na wenzake wanaliitikia. Kisha tunakula sahani moja. Aliyebeba jambo zito analisema kabla hatujapanda gari. Na wazee wa kambi, tulipowaeleza, waliwaandalia wale wafiwa siku yao ya dua, kwa wale wote waliobaki njiani. Hawakuhitaji mwigizaji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyekaa na mtu aliyejifunika uso na asiondoke. Namshukuru muuguzi, na sheikh, na dada wa kikundi chetu. Namshukuru mpiga ngoma, kofi lake bado nalisikia. Namshukuru hata msimamizi, maana mwishowe alikula nasi sahani moja na akataja jina lake kama sisi. Na yule mama, Mungu ampe makazi mema popote alipo.

Ninachowaachia ni hiki. Watazamaji wetu huleta vitu vyao uwanjani na kuviweka juu yetu. Si kosa lao, huenda hawana pengine pa kuviweka. Lakini usivilalie peke yako. Na bosi akikuambia lala zaidi kidogo, una haki ya kukataa, na wenzako wana kazi ya kukataa pamoja nawe.

Sasa tunakwenda kwenye dua. Kama kuna mtu humu ambaye onyesho lake liliisha zamani na bado hajarudi, asitoke na wengine. Abaki kwenye kiti chake. Nami nitabaki.